Kimchi Iliyochacha

Bongnye alionja kimchi, kabichi ya kuchachushwa ya Kikorea, uso ukajikunja. Kabichi ilikuwa imechacha kupita kiasi, na mama mkwe, ambaye hajawahi kusifu upishi wake, alikuwa njiani. Akatwanga maganda ya mayai, akayafunga kitambaani na kuyazamisha guduliani, maana chokaa yake huvunja makali ya asidi. Vipovu vikapanda. Akakaa, akainuka, akachungulia barabarani, akaonja tena.

“Utaimaliza kabla mama hajafika!” mumewe akamcheka.

Jioni ukali ulikuwa umeisha. Mama mkwe akaonja, akaweka vijiti vya kulia chini, akamgeukia Bongnye.

“Mwanangu, mbona haijachacha? Nimeleta nyama ya nguruwe nipike mchuzi wa kimchi kali!”

Bongnye akainamisha kichwa kwa adabu.

“Ile kali kaimaliza mwanao, mama.”