Mahindi ndani ya Jeneza la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Mektilda, alijinunulia jeneza akiwa mzima wa afya, mwaka ule wafanyabiashara waliporuhusiwa kununua mahindi vijijini. Wanawe hakuwaamini hata kidogo. "Hawa watanizika na mkeka," alisema, akamwagiza fundi wa hapa Kifanya amtengenezee la mbao nene, lenye msalaba juu.

Kuzikwa kwa heshima ndiyo hamu pekee iliyombakia duniani. Lakini kuliona jeneza limekaa tupu kulimkera, akalijaza mahindi. Msimu ule jirani zetu wote waliibiwa. Yake hayakuguswa hata punje. Mwizi gani afunue jeneza?

Bwana shamba alipita akionya juu ya dumuzi, kijidudu cheusi kilichotufikia na magunia ya biashara. Kinatoboa mahindi, kikinogewa kinatoboa hata mbao.

"Changanya na dawa ya unga, mama," akamwambia.

"Mimi nitalala humo mpaka parapanda ilie," mama mkwe akajibu. "Wewe ungelala kwenye dawa ya wadudu?"

Nilimsihi amsikilize mtaalamu. Akaniuliza nina haraka gani ya kumzika. Nilinuna siku mbili.

Mwezi wa Novemba Issa, mnunuzi wa mahindi kutoka Makambako, akasimamisha pikapu yake mlangoni. Aliingia na salamu ya kwetu, "Kamwene!", kwa furaha, akaliona jeneza, sauti ikakatika.

"Poleni sana. Nani ametutoka?"

"Ni mahindi," nikasema.

"Inna lillahi," akaitikia kabla hajaelewa.

Tulilishika tulitoe nje tukayapime mahindi, yeye upande wa kichwani, mimi wa miguuni. Likanyanyuka kwa wepesi wa ajabu. Kisha ubao wa chini ukaachia, unga wa mahindi na mbao ukamwagika wote, na dumuzi wakaanza kumpanda Issa suruali. Alitoka mbio akijipiga mapaja.

Mama mkwe hakuyatazama mahindi. Alikaa sakafuni akalilia jeneza lake, machozi ya kweli kabisa, nami roho ikaniuma.

"Mama, nitapanda mti wa mbao," nikamwambia. "Tutachonga lingine."

Akafuta uso kwa kanga. "Basi siwezi kufa kabla haujafaa kupasuliwa. Panda leo hii."

Sikumwambia jinsi nilivyofurahi. Nilichimba shimo mwenyewe nyuma ya jiko, kisha nikaenda kwenye kitalu cha miche, nikachagua ule mdogo kuliko yote.