Vichwa vya Kambale

Jumamosi ya pili ya Mei 1998, saa kumi na mbili jioni, tumbo la Aketch lilitoa mlio. Alikuwa ameinama kuokota ufunguo mbele ya mlango wa fleti yao, Gaithersburg, Marekani, na mlio ulikuwa kama wa bakuli la shaba lililoguswa kwa kijiko. Mumewe Tobias alikuwa nyuma yake na ndoo ya samaki. Alingoja uishe, kisha akauliza kama afungue yeye.

Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Mama yake Tobias alikuwa amekuja kutoka Ahero, Kenya, kuilea, na nyumbani kwake sheria ilikuwa moja: kichwa na ini la samaki ni vya mwenye mimba, nyama ni ya wengine. Kwa hiyo kila Jumamosi Tobias alivua kambale katika bwawa la mkulima mmoja upande wa kaskazini, katikati ya mashamba ya mahindi na soya, na Aketch akala kichwa mpaka mfupa wa mwisho, mama mkwe akimtazama kwa kuridhika.

Kanisani, Takoma Park, watu waliuzoea mlio huo kwa Jumapili moja. Wainaina, kiongozi wa kwaya, ambaye kinanda chake kilikuwa kimeharibika, alimwomba Aketch akae safu ya mbele, akawa anachukua kwake sauti ya kuanzia wimbo. Mutai, mmoja wa wanakwaya, alimgonga Tobias begani. "Pokea simu, bwana. Mtoto anapiga."

Aketch hakucheka. Alikuwa amegundua kwamba baada ya kila Jumamosi mlio ulikuwa mzito zaidi na ulichukua muda mrefu zaidi kuisha. Hakuweza kutulia. Akitembea, ulisikika, akikaa, mtoto aligeuka na ukasikika tena. Kazini, katika nyumba ya wazee, aliwaamsha aliokuwa amewalaza mwenyewe. Daktari alisikiliza moyo wa mtoto, akasema unakwenda vizuri. Mlio, alisema, haumo katika mambo anayopima.

Kanisani hapo kulikuwa na Ayanna, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukisema kwa ukamilifu uliowachosha Wakenya. Alifanya kazi katika maabara ya maji. Aketch alimpa kichwa kimoja na ini, ndani ya mfuko wa plastiki. Majibu Ayanna aliyaleta mwenyewe, ibada ilipokwisha.

"Madini ya risasi yamo katika mifupa ya kichwa," alisema. "Kadmiamu, sumu nyingine ya madini, imo katika ini, na zebaki imo katika mwili mzima. Risasi na zebaki hupita hadi kwa mtoto. Tafadhali usile tena, dada yangu."

"Hata kidogo?"

"Hata mchuzi."

Jumamosi iliyofuata Aketch aliisukuma sahani. Kukataa kichwa mbele ya mama mkwe si jambo dogo. Tobias aliinuka akaenda kuangalia kama gari limefungwa.

"Nimezaa sita kwa vichwa hivi," mama alisema.

"Vya kwenu, Mama. Hivi ni vya hapa."

"Kambale ni kambale."

Kwa kuwa chakula hakitupwi, mama alikivuta kichwa upande wake, akakila polepole, akifyonza mifupa. Wiki iliyofuata alifanya hivyo tena, na iliyofuata pia, mpaka asubuhi moja ya Jumapili, akishuka ngazi kwenda kanisani, naye akatoa mlio, mzito kuliko wa mtoto. Alishika ukuta, akausikiliza mpaka mwisho.

"Basi ni samaki," alisema.

Wainaina alifurahi. Sasa alikuwa na besi.

Tobias alimpeleka mama yake kwa mkulima. Mkulima alikuwa mtu mstaarabu, aliwaletea viti. Alieleza bila kuficha kwamba kuna kampuni inayomletea bure tope la maji taka ya mjini, kwamba yeye hulimwaga shambani kama mbolea, na kwamba mvua hulisukuma bwawani. Ng'ombe wake wanaokunywa pale walikuwa wakitoa mlio tangu mwaka juzi, na ulimsaidia kuwapata wakati wa ukungu. Mama aliuliza, Tobias akitafsiri, kama yeye hula samaki wale. Mkulima alisema hapana, nyumbani kwake waliacha zamani. Aliona wageni wanawapenda, hakutaka kuwanyima.

Ofisi ya afya aliyoipigia simu Tobias ilimjibu kwamba bwawa ni mali ya mtu na samaki wake hawauzwi, kwa hiyo hakuna wa kuwapima.

Mlio wa mtoto haukuongezeka tena, lakini haukuondoka. Agosti yote Aketch alitembea sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta, akiusikiliza, na majirani wa chini hawakulalamika.

Mtoto alizaliwa Septemba, msichana. Alitoa mlio kwanza, kisha akalia. Muuguzi alimwekea kiganja kifuani, mlio ukakatika. Alimpeleka chumba cha watoto wachanga, akamlaza upande wa dirisha, ambako tayari kulikuwa na wengine wawili wa aina hiyo, ili wasiwaamshe wenzao.

Mama wa mmoja wao, mwanamke kutoka El Salvador, alikuwa amesimama kwenye kioo cha chumba hicho. Alimwuliza Aketch, kwa Kiingereza cha polepole, wao walikuwa wakivua wapi. Aketch alimwambia. Yule mama alitikisa kichwa, akataja bwawa jingine.