Wimbo wa Kuvutia Nyavu

Tangu Conchúr afariki, mdogo wake Donncha hakuigusa tena fidla yake. Ilining'inia ukutani jikoni, ikila vumbi.

Kisiwa kizima cha Inis Gainimh kilijua hasara iliyokuwapo. Baba yao ndiye aliyeutunga wimbo wa kuvutia nyavu, enzi ambazo samaki wa heringi walijaa ghubani na kila nyumba ilikuwa na mashua. Heringi wakaadimika, mashua zikauzwa moja moja, wimbo ukabaki kwa ndugu wawili. Sasa kabaki mmoja, naye kanyamaza.

Gobnait, mjane wa Conchúr, alimfuata mara kadhaa.

"Nifundishe, shemeji."

"Umeishi na mwenye wimbo miaka yote hiyo, hukuusikia?"

"Niliusikia nikimenya viazi. Kusikia siyo kushika."

"Basi kamenye viazi."

Gobnait hakununa. Jumapili moja, watu wametoka misani na kujaa baa, alipakata kodiani ya marehemu akaanza kuupiga. Mwanzo aliujua. Katikati alibahatisha tu, akaenda mbio kama anayechezesha watu harusini. Donncha alikuwa kaunta, amewapa wote mgongo. Mabega yake yakaanza kupanda.

"We Gobnait! Unavua samaki au unawafukuza?"

Baa nzima ikacheka.

"Navua ninavyojua," Gobnait akajibu bila kusimamisha vidole. "Anayejua zaidi amekumbatia glasi."

Donncha akaiacha glasi, akaja. "Hapo ulipopita mbio pana kimya. Mashua ikipandishwa na wimbi unashika tu. Ikishuka, ndipo unavuta. Ukivuta inapopanda, wavu unachanika."

"Kimya chenyewe kirefu kiasi gani?"

Donncha akamvua skafu shingoni, akampa ncha moja, yeye akashika nyingine. Akavuta, akashika, akangoja, akavuta tena huku akiuimba kwa pua. Mara akakwama. Machozi yakamlengalenga.

"Mashuani kaka ndiye aliyekaa mbele yangu," alisema polepole. "Sikuwahi kuhesabu. Nilikuwa nayafuata mabega yake."



"Yangu mabovu," Gobnait akasema, "lakini yapo. Yafuate."

Donncha akatoka nje bila kuaga. Watu walidhani amekasirika, kumbe ameifuata fidla. Alirudi nayo ndani ya koti, akakaa nyuma ya shemeji yake, akazikaza nyuzi kwa muda mrefu huku akinung'unika. Kisha wakaanza. Alikosea mara mbili, akajitukana, wakarudia hadi wimbo ukakamilika.

Majira yote ya baridi jikoni kwake pakawa hapakaliki. Wazee waliowahi kuvua walikuja kubishana kuhusu mwendo. Wanawake waliowahi kupasua heringi gatini wakaleta nyimbo zao wenyewe, zenye maneno ambayo padri asingependa. Vijana wakajifunza zote. Donncha alilalamika kwamba wanammalizia chai, na kila Jumapili alinunua nyingine.

Joto liliporudi, walilishusha ghubani kokoro, wavu mrefu wa kukokota, la zamani walilolikuta bandani, wakalivuta hadi ufukweni kwa wimbo ule, Gobnait akipiga kodiani juu ya jiwe. Lilileta mwani mwingi na kaa mmoja mwenye hasira.

"Vuteni upya!" Donncha akafoka, magoti ndani ya maji. "Mliharakisha pale pale!"

Wakalirudisha majini.