Usiue, Nukta

Mama Nukta alikuwa amefika amri ya tano. Chaki ilikuwa imebaki kipande, kucha zikawa zinakwaruza ubao. Aliandika *Usiue*, na kabla hajaweka nukta, mlango wa ukumbi wa parokia ukafunguliwa bila hodi.

Aliingia Kapteni wa kambi. Nyuma yake alikuja Padri, amefumbata mikono kama mtoto aliyeletwa kuadhibiwa.

"Shikamoo, mwalimu," Kapteni alisema.

"Marahaba."

"Mwanao anatusumbua. Tunampa bunduki, hapokei. Tukimuuliza sababu, anajibu, 'Usiue, nukta.' Askari wangu wanacheka mpaka basi."

Jina la Nukta lilizaliwa humo humo ukumbini. Mama alipowasomea watoto wa dini ili waandike, alitaja na alama: Usiue, nukta. Askofu alipokuja kuwauliza maswali kabla ya kipaimara, mwanawe wa pekee akasimama wima, akasema amri ya tano ni "Usiue nukta." Askofu alicheka hadi kofia ikamlalia sikioni. Tangu hapo kijana akawa Nukta, na mama yake Mama Nukta.

"Kesho alfajiri malori yanakwenda vitani," Kapteni aliendelea. "Atapanda na bunduki, au atabaki kungoja mahakama ya kijeshi. Na wakati wa vita, mwalimu, mahakama yetu haifungi mtu. Twende ukamwambie. Nukta uliiweka wewe. Ifanye mkato."

"Padri, wewe unasemaje?"

Kwaresima iliyopita Padri alihubiri kwamba silaha haijazaa amani hata siku moja. Wiki iliyofuata aliitwa kambini, na tangu arudi anahubiri habari za mavuno.

"Mama," alisema, akiitazama sakafu, "mtoto akiwa hai, hata dhambi ina toba."

Kapteni aliinua macho darini. "Mabati haya tuliwapa sisi. Hayavuji, au sio?"

Kambini, Nukta alikuwa nyuma ya waya, miguu mitupu, mdomo umevimba upande mmoja. Alipomwona mama yake alicheka kwa upande uliobaki.

"Umekonda," mama alisema.

"Chakula chao hakina chumvi. Mgongo wako je?"

"Mgongo upo."

Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Sasa yakamtoka ovyo, kama punje kwenye gunia lililotoboka. "Ichukue, mwanangu. Ishike tu. Ukifika huko piga juu, piga mawinguni. Mungu anaona."

"Na Kapteni naye anaona, mama."

"Nimezaa mmoja," alisema.

Nukta alikwangua kutu kwenye waya kwa kidole. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya kipindi cha dini, "Mwalimu, amri ya nne ni ipi?"

"Waheshimu baba na mama." Ilimtoka kwa mazoea, hata kabla hajajua anachoulizwa.

"Nayo inatangulia ya tano."

Akamgeukia Kapteni. Akanyoosha mikono yote miwili, kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, kama anavyoinyoosha kila Jumapili mbele ya altare kupokea komunyo. Wakamwekea bunduki.

Mama alifungua kinywa kusema hapana.

"Ahsante, mwalimu," Kapteni alisema, akimshika bega kumwelekeza langoni. "Umelisaidia taifa."

Aliporudi ukumbini jua lilikuwa linazama. Padri alisimama mlangoni, hakuingia. Kutoka kambini zilisikika injini za malori zikijaribiwa, moja baada ya nyingine. Mama Nukta aliokota chaki, akaisogeza mpaka mwisho wa neno lile. Mkono ukakaa hapo hewani.

"Watoto wanakuja asubuhi?" aliuliza.

"Wanakuja," Padri alisema. "Acha sasa, mama. Utamalizia kesho."

Akairudisha chaki kwenye kopo, akafunga madirisha. Ubaoni, amri ya nne ilikuwa na nukta yake, nene, imekaa sawasawa. Ya tano haikuwa nayo.