Suruali ya Mzee Bwire

Triza aliiona ile damu mara mbili, na mara zote mbili alisuuza akanyamaza. Ilikuwa upande wa ndani wa suruali ya kaki ya baba mkwe wake, Mzee Bwire, aliyestaafu kazi ya reli akabaki katika mtaa wa Kaloleni. Nguo za ndani mzee alijifulia mwenyewe, maana kwao mkamwana hazigusi. Lakini suruali ilikuwa kazi ya Triza, na suruali haijui kutunza siri.

Alimwambia mumewe, Mulama. Mulama akamuuliza baba yake, na baba yake akasema ni goti tu linalomsumbua. Basi, kliniki waende kwa ajili ya goti. Mulama alikuwa na zamu kiwandani, hakupewa ruhusa, kwa hiyo Triza ndiye aliyetoka na mzee asubuhi, akimfuata hatua kumi nyuma kama inavyompasa.

Nia yake ilikuwa kumfikisha mlangoni, kisha abaki kwenye benchi. Akiulizwa peke yake, mwanamume mzima ataeleza. Lakini kliniki hiyo ilikuwa ikifundisha madaktari wapya, na mwalimu wao, Daktari Zedekiah, alikuwa amebandika utafiti mpya ukutani. Imeonekana, alieleza kwa upole, kwamba mgonjwa mzee akiingia na anayemhudumia nyumbani, daktari hugundua mengi zaidi. Triza akasema yeye ni mke wa mwana tu. Daktari akasema huyo ndiye hasa wanayemtaka.

Chumbani mwa daktari viti vilikuwa vimesogezwa pamoja hata magoti yake na ya mzee yakakaribia kugusana. Miaka saba tangu aolewe, hawajawahi kukaa hivyo. Triza akageuza miguu upande wa mlango. Mzee akawa anaizungusha kofia yake mikononi, macho kwenye kalenda.

Mwanafunzi, Daktari Kavutha, msichana wa rika la Triza, aliuliza vizuri kabisa. Hakumkatiza mzee hata mara moja. Alipofika kwenye dawa ya goti, akasema dawa hii huchokoza tumbo, hivyo lazima ajue: je, mzee amewahi kuona damu chooni?

"Hapana, daktari. Huko niko sawa."

Karatasi ya maswali ya Kavutha ilimtaka amuulize na anayemhudumia mgonjwa. "Na wewe mama, nyumbani hujaona lolote?"

Mzee hakumtazama. Ila kofia iliacha kuzunguka.

Triza aliyaona yale maji mekundu kwenye beseni kana kwamba yako pale mezani. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Ni goti tu, daktari."

Daktari Zedekiah, aliyekuwa amesimama nyuma akisikiliza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mzee alipokuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, Triza alirudi mbio, akabisha, akasema yote pale pale mlangoni bila kuvuta pumzi. Kavutha akashika kichwa. Mzee akaitwa tena, safari hii peke yake. Haukupita muda akatoka na kikopo cha kupimia choo, akampita Triza kama anavyopita mti wa nyaya za stima. Kavutha alikuja nyuma, akanong'ona kwamba ile dawa ameizuia, lakini vipimo vya hapo mzee amevikataa, amepokea kikopo tu. Ameuliza jambo moja tu: aliyeona, aliona wapi?

Mulama alijaribu kumshawishi apimwe, usiku huo na wiki nzima. Baba yake alimsikiliza, akamwambia apunguze sauti ya redio. Kikopo kilikaa juu ya kabati, kitupu.

Jumamosi mzee alitoka na beseni jipya, akaketi kwenye kigoda penye mfereji wa maji ya bomba, akaanza kufua suruali yake. Wanawake waliokuwa wakifua hapo wakanyamaza, isipokuwa Benta wa nyumba ya pili, ambaye hajui kunyamaza. Akamgeukia Triza: "Mama Winny, kumbe umestaafu? Hata wa reli hawaachi kazi mapema hivyo."

Triza akasogea, akainama kidogo. "Baba, nipe nikufulie."

"Acha, mama. Nimezoea."

Hakuwa amezoea. Povu lilimwagika mpaka kwenye viatu vyake. Aliwapa wote mgongo, akasugua mahali pamoja, upande wa ndani, muda mrefu. Kisha akamwaga beseni mtaroni. Triza alirudi mlangoni, akayatazama yale maji yakipita, lakini povu lilikuwa zito, na kutoka pale hakuweza kujua yalikuwa na rangi gani.