Nukta Hukaa Chini

Jumanne moja asubuhi, mwaka wa tisini na saba, Renatus Rweyemamu alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake pale Mkuyuni, karatasi ya miraba mapajani, akiijaza herufi K kwa penseli. K ilikuwa ikimsumbua tangu Pasaka. Herufi zake zote alizijenga kwa maumbo matatu tu: mraba mzima, mraba uliokatwa pembe kwa pembe, na robo ya duara. Kila herufi ilikaa ndani ya miraba mitano kwa saba, na hakujiruhusu kuongeza umbo la nne hata kama lingemwokoa. Wateja hawakujua lolote kuhusu hayo. Wao walitaka saluni iandikwe saluni, basi.

Kabla ya kibanda alikuwa mchoraji katika kiwanda cha nguo, miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kujaza miraba. Kwenye karatasi ya mfumaji, mraba uliojazwa maana yake uzi unapita juu, na mraba mweupe maana yake uzi unapita chini. Kiwanda kilipofungwa, watu waliambiwa wamepunguzwa, kana kwamba hapo awali walikuwa wamezidi. Renatus alitoka na rula ya chuma na mazoea yake ya miraba. Ukiwa na miaka hamsini na sita huna nguvu ya kutafuta mazoea mapya.

Asubuhi hiyo alimjia Mayala, msimamizi wa kiwanda cha minofu ya sangara kilichojengwa mwaka uliotangulia ufukweni Pasiansi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ilimchosha Renatus, kwa sababu ilikuwa vigumu kumchukia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Mayala alieleza shida yake. Kiwanda kilikuwa kimejenga ukuta wa futi kumi na mbili, na ukuta huo ulikuwa umeziba njia ya kwenda kwenye mawe ambako akina mama wa Pasiansi walianika dagaa tangu enzi za bibi zao. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo walivyosema kwenye mkutano wa kata siku mwekezaji alipotambulishwa. Sasa ukuta ulikuwa umekwisha kujengwa, lakini akina mama bado walikuja na makarai yao, wakasimama mbele yake kama watu wanaosubiri njia iwakumbuke. Kiwanda kilitaka maneno mawili yaandikwe pale: HAKUNA NJIA.

"Ziwe kubwa, mzee. Hata asiyejua kusoma azielewe."

Miongoni mwa akina mama hao alikuwamo Prudencia, mke wa Renatus. Mayala hakulijua hilo, na Renatus hakumwambia. Alisema kazi ataifanya.

Jioni Prudencia alikuwa akimenya ndizi alipopewa habari. Hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo utatuandikia sisi."

"Mtu mwingine angeandika vibaya zaidi," alisema Renatus. Ilikuwa kweli, ingawa halikuwa jibu.

Alipaka siku nne. Ukuta ulikuwa mweupe wa chokaa, rangi nyeusi, na kila mraba upana wa futi moja na nusu. Mstari wa chini kabisa wa miraba uligusa ardhi. Siku ya tano rangi ilipokauka, miraba yote ya herufi ilikuwa imefunguka, mtu angeweza kupenya.

Wa kwanza kupita alikuwa Ng'washi, jirani yao, mmoja wa akina mama wale. Alitanguliza karai kwenye mguu wa kulia wa H, akalifuata. Aliyeingia kiwandani kwa geti, nyuma ya ukuta ule alikuta jenereta, malori ya barafu na uzio mwingine. Aliyeingia kwa herufi alikuta mawe, yaleyale, makavu, yana mavi ya ndege, na ziwa likiyapiga taratibu. Ng'washi alikuta hata kamba yake ya katani aliyoisahau huko mwaka juzi. Alirudi mchana akasema mawe yanahitaji kufagiliwa.

Renatus alikwenda kuikagua kazi yake. Alichokiona kwanza ni kwamba K bado ilikuwa nzito upande wa kushoto. Ama huko kufunguka, hakukumpa tabu. Katika kazi aliyozeekea, kitu kikipita juu, kingine lazima kipite chini. Herufi zilipita juu, ukuta ukapita chini. Alimweleza Ng'washi hivyo, naye akasema sawa, ila akauliza kama J haiwezi kupanuliwa kidogo, maana mama mwenye mimba anakwama.

Prudencia alipita kwenye mguu uleule wa H, wima, kwa ubavu. Alikuwa mwanamke mpana, na magoti yake yalikuwa yamekufa miaka mitatu iliyopita. Kwao Kamachumu mwanamke humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti, na yeye alikuwa amelelewa akalelewa tena katika hilo. Lakini siku ya harusi ya mdogo wake alishindwa. Aliwaamkia wazee amesimama, akiomba radhi kwa kila mmoja, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia. Tangu siku hiyo hakumpigia mtu magoti. Kanisani alikaa kitako wakati wengine wamepiga magoti, na padri alikwisha kumwambia kwamba Mungu anaona. H ilimfaa. Majuma mawili alirudi nyumbani ananuka dagaa, anaimba, na Renatus alijiona mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe.

Kisha Mayala alirudi Mkuyuni.

"Shikamoo mzee. Herufi ni nzuri sana. Tatizo zinapitisha watu."

"Marahaba. Nimeona."

"Wakaguzi wa Ulaya wanakuja mwisho wa mwezi. Hatuwezi kuwa na akina mama ukutani. Halafu mkurugenzi ameangalia hati. Yale mawe yamo ndani ya eneo letu."

"Si mliyalipua, mkajengea msingi?"

"Ndiyo hayohayo, mzee. Hata kama hayapo, ni yetu."

Walitaka maneno yaleyale, ila kwa herufi nyembamba. Renatus aliomba siku tatu. Akikataa, ataitwa mtu mwenye brashi na ndoo, apige chokaa, aandike mwandiko wa duka la mkaa, na pasibaki hata ufa. Alilijua hilo. Vilevile alijua kwamba kila anayekubali kazi ya namna hii husema maneno hayohayo. Usiku ule hakula, na Prudencia hakumbembeleza.

Aliugawa kila mraba mara tisa, akajenga herufi upya kwa mistari ya upana wa nusu futi, ambapo mkono unapita lakini bega halipiti. Zilikuwa herufi bora kuliko zote alizowahi kuchora. Hata K ilikubali, ikasimama vizuri kwa miguu yake yote. Alifurahi, kisha akaona aibu kwamba amefurahi.

Siku ya kupiga chokaa aliwatangazia akina mama tangu alfajiri. Walitoka mmoja mmoja kwenye herufi, makarai kichwani, bila kelele. Ng'washi aliifungua kamba yake akaja nayo. Chokaa ilipokauka, ukuta ulikuwa ukuta. Renatus akapaka herufi nyembamba, HAKUNA NJIA, na mwisho wa A akaweka nukta.

Nukta katika herufi zake ilikuwa mraba mmoja mzima. Herufi ziwe nene au nyembamba, nukta haikubadilika, kwa kuwa mraba ndio mwanzo wa yote. Mayala aliitazama sana.

"Hatukuagiza nukta."

"Sentensi ikiisha, inawekwa nukta," alisema Renatus. Akaifuta mikono kwa matambara ya rangi.

Mayala alikwenda ofisini, akarudi baada ya saa nzima. Nukta ingebaki. Kiwanda kingeweka mlinzi, na akina mama wangepita mmoja mmoja, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, majina yao yakiandikwa. Mkurugenzi alikwisha kupendekeza jambo hilo liingie kwenye taarifa ya mwaka, chini ya kichwa cha ujirani mwema.

Renatus alirudi nyumbani kwa hatua za haraka, kitu ambacho hakuwa amekifanya muda mrefu.

"Nimewaachia nukta," alisema kabla hajavua viatu. "Mraba mzima. Mtu anapita."

Prudencia aliweka chini kisu cha ndizi.

"Iko wapi?"

"Baada ya A ya mwisho."

"Juu au chini, Baba Kemilembe?"

Renatus aliinama kuvua viatu. Nukta hukaa chini. Hukaa kwenye mstari wa kwanza, juu ya ardhi, na katika miaka yake yote ya karatasi za miraba haikuwahi kukaa mahali pengine. Ukutani palikuwa na nafasi tele. Angeweza kupanga miraba miwili, hata mitano, kwenda juu, na Mayala asingejua kama hiyo bado ni nukta au si nukta. Wazo hilo halikuwa limempitia kabisa.

"Ungeiinua kidogo," alisema Prudencia, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililomuuma zaidi.

Asubuhi alikwenda kuomba aiinue. Mayala alimwamkia vizuri, akamwambia kazi imeshapitishwa ilivyo.

Jumatatu saa mbili akina mama walikuwa kwenye foleni. Kando ya nukta alikaa mlinzi, Chenge, kijana wa umri wa kitindamimba wa Prudencia, kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani. Renatus alikuwa amekuja kumbebea mkewe beseni. Ng'washi alipita, wengine watatu wakapita, wakiinama na kuchutama. Prudencia hakuweza kuchutama. Aliushika ukuta kwa mkono mmoja, akashusha goti la kushoto, akapumua, kisha la kulia. Ilichukua muda, na foleni ilingoja.

Chenge alikuwa ameinamia daftari akiandika jina. Pembeni mwa jicho aliona mwanamke anapiga magoti mbele yake, na kama mtu yeyote aliyezaliwa Kisesa, ambako wanawake nao huamkia hivyo, ulimi wake ulitangulia.

"Marahaba," alisema.

Foleni nzima ilisikia. Chenge mwenyewe aliendelea kuandika, akauliza jina, kisha akaomba aelezwe Prudencia inaandikwaje. Prudencia alimweleza, herufi moja moja, kisha akainamisha kichwa akaingia.

Renatus alilisukuma beseni limfuate. Halikugusa popote. Kingo za mraba zilikuwa zimenyooka vizuri pande zote nne.