Bibi wa Balozi

Asubuhi ile Lydie Kapinga alikuwa na kazi moja tu: kuisoma hotuba ya balozi na kusema haina kosa. Akaisoma. Ilikuwa na kosa.

Ngoja kwanza nikueleze, maana ukisikia habari hii nusu utacheka pasipostahili. Nchi moja ya mbali, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa nami bado nasubiri viza yao, ilikuwa imejenga Nyumba ya Utamaduni karibu na posta, katikati ya Lubumbashi. Siku hizi nchi hazituletei wapima udongo peke yao. Moja imeleta maktaba, nyingine shule ya lugha, nyingine jukwaa la muziki lenye taa za rangi. Lydie alikuwa mdadisi tangu utotoni, mtoto aliyefungua redio ya baba yake kumtafuta anayesema ndani. Basi kila alipopanda ngazi za nyumba ile alijiuliza: nchi nzima, yenye jeshi na mabenki, inatafuta nini kwa watu wa mtaa wetu wa Ruashi hata iwaletee piano? Kama ni kobalti ya migodi yetu, kobalti inanunuliwa. Sasa piano ya nini?

Siku moja alimuuliza Bwana Stéphane, mshauri wa utamaduni, mgeni mwembamba aliyependa mambo yaliyonyooka. Naye akajibu bila kuinua macho, "Tunataka mtupende." Alisema hivyohivyo, kama mtu anayeagiza chai. Lydie alikaa na jibu lile wiki nzima. Hakuliona baya. Ila alitaka kujua: nchi ikipendwa inajuaje kwamba imependwa? Inahesabu makofi?

Bwana Stéphane huyo ndiye aliyekuwa ameshika mkataba wake wa ukalimani. Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha siku hiyohiyo ya hotuba, siku ya ufunguzi wa nyumba, na karatasi ilikuwa kwenye faili yake ya bluu, ikingoja sahihi. Kwa miaka sita Lydie alikuwa ametafsiri maelekezo ya mashine za migodini: kaza boliti hii, usiguse waya ule. Alichoka mpaka kwenye mifupa. Alitaka kazi ya kutafsiri watu, watu wanaocheka na kukasirika. Aliitaka kazi ile kiasi kwamba ilimnyima usingizi, na sioni haja ya kulificha hilo.

Turudi kwenye kosa. Balozi, ambaye angefika kutoka Kinshasa mchana, alijifunza Kiswahili ujanani huko Bagamoyo, na hotuba aliiandika kwa mkono wake. Mwishoni alikusudia kumgeukia Mama Madeleine, kiongozi wa wanawake wacheza ngoma wa Ruashi, na kumwambia: "Asante sana, bibi yangu."

Kwako wewe msomaji wa Bagamoyo hapo hakuna neno. Bibi ni mama yake mama. Lakini Lubumbashi, ndugu yangu, bibi ni mke! Bibi yangu ni yule niliyemtolea mahari, anayenisonga kwa maswali nikichelewa kurudi. Bibi mzee, mzaa mama, sisi tunamwita nkambo.

"Bwana Stéphane," Lydie alisema, "hapa tuweke nkambo. Balozi atamwita mjane wa watu mke wake, mbele ya televisheni."

Bwana Stéphane alifungua kamusi, akapekua. "Nkambo halimo."

"Kwenye kamusi halimo. Mjini limo."

"Hotuba imeshapitishwa, Lydie. Leo nakuomba kitu kimoja: usiniongezee shida. Jioni tutakaa na mkataba wako." Akaipiga faili ya bluu kwa kidole. Lydie akairudisha hotuba mezani kama ilivyokuwa.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Wakubwa wa mkoa walikaa mbele na wake zao, kamera zikapangwa pembeni. Wanawake kumi na wawili wa Ruashi waliingia wamevaa vitenge vya sare, wakacheza ngoma za Kiluba mpaka sakafu mpya ikalalamika. Mama Madeleine alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane wa fundi wa reli, na mabega yake yalikuwa bado yanajua kazi.

Lydie hakuweza kumtazama usoni. Mwezi uliopita nchi hiyohiyo iliwaalika wanawake hao kwenye tamasha kubwa huko kwao, kisha ofisi yake nyingine ikawanyima viza. Barua ilisema haikuthibitika kwamba wangerudi nyumbani. Aliyetumwa Ruashi kuwasomea barua ile kwa Kiswahili ni Lydie. Walisikiliza mpaka mwisho, halafu Mama Madeleine akamkaribisha bukari, ugali wetu, kwa samaki, naye Lydie akala nao kwa aibu.

Balozi alisimama. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa upole, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, tena kizuri mno, cha kukaa wima. Alisoma polepole. Lydie alishika mikrofoni yake pembeni ili awatafsirie wageni kwa Kifaransa. Mistari ikapungua. Balozi akakunja karatasi, akafungua mikono.

"Asante sana, bibi yangu!"

Mtu mmoja nyuma alishindwa kuzuia kicheko, na ukumbi mzima ukapasuka. Vigelegele, makofi, mtu akapiga ngoma. Mke wa mkubwa mmoja alijifunika uso kwa kitambaa. Balozi alitabasamu huku na huku, hajui amefanya nini, masikini. Bwana Stéphane alikuwa mweupe kuliko alivyozaliwa.

Mama Madeleine aliinuka taratibu, akaomba mikrofoni.

"Munasikia, benye tuko hapa?" alisema. "Balozi iko bwana yangu! Na mimi nilisema nimezeeka!"

Hapo Lydie alielewa kilichotokea. Kwetu mjukuu humtania nkambo wake hivyohivyo. Humwita bibi yangu, naye humjibu bwana yangu, na hakuna anayekasirika, kwa sababu utani huo ndio undugu wenyewe. Balozi alikusudia nkambo, akasema mke, na kosa lake likaangukia mlangoni pa nyumba aliyokuwa akiitafuta! Lydie alimweleza yote hayo kwa Kifaransa. Balozi alicheka mpaka akavua miwani. Bwana Stéphane akapata rangi tena, akawaashiria watu wa kamera wasizime.

Ingeishia hapo, Lydie angesainiwa mkataba wake kabla jua halijazama. Lakini Mama Madeleine hakurudisha mikrofoni.

"Sasa bwana yangu, sikia," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeongea jikoni kwake. "Bibi anaikala kwa bwana wake, hapana? Mwezi wenye kupita nilipiga hodi kwako. Bantu yako ba viza banasema sitarudia kwetu. Mimi niko na bajukuu makumi mbili. Kaburi ya mufu bwana yangu iko hapa. Nitabakia kwako juu ya kufanya nini? Na ile baridi! Umejenga nyumba ya muzuri huku kwetu, unasema unatupenda. Juu ya nini basi unafunga mulango ya kwako?"

Hakuna aliyecheka. Balozi aligeuza kichwa. Kiswahili kile kilikuwa kimempita kwa kasi, ameshika neno hapa na neno pale. Alimtazama Lydie.

Bwana Stéphane alikuwa tayari ameinama sikioni kwa Lydie. "Sema anashukuru," alinong'ona. "Anashukuru, basi. Tumalize."

Ilikuwa rahisi jamani. Neno moja tu. Lydie aliiona faili ya bluu chini ya kwapa la Bwana Stéphane, akaiona na miaka sita ya boliti na nyaya. Aliogopa. Kisha akamtazama Mama Madeleine, na mama yule alikuwa akimngojea kwa utulivu, bila shaka hata kidogo kwamba maneno yake yatafika.

Lydie alitafsiri yote. Kaburi, baridi, mlango, hakubakiza kitu.

Balozi uso ulimwiva mpaka masikioni. "Sikujua habari ya barua hiyo," alisema kwa Kiswahili, mwenyewe. "Leteni pasipoti Jumatatu, nitakuwa bado hapa. Siahidi viza. Naahidi nitazisoma mimi, moja moja."

"Iko muzuri," Mama Madeleine alijibu. "Tutakuya Jumatatu."

Baadaye, watu wakila sambusa, Bwana Stéphane alimkuta Lydie kwenye ngazi. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Ulikuwa hapa uwe sauti yetu," alisema.

"Nilikuwa mkalimani, Bwana."

"Jumatatu usijisumbue kuja." Akarudi ndani na faili yake.

Lydie alikaa palepale kwenye ngazi, akalia. Aliumia, nisiseme uongo. Wanawake wa Ruashi walikuwa wakipakia ngoma kwenye kamiyo, lori lililowaleta, na Mama Madeleine akaja kukaa karibu naye, goti kwa goti.

"Bamekufukuza?"

"Ndiyo, Mama."

"Juu ya maneno yangu?"

Lydie alitikisa kichwa kukubali. Mama Madeleine hakumpa pole. Alichomoa karatasi kwenye pochi, orodha ya majina ya kupeleka Jumatatu, akamwekea mapajani pamoja na kalamu.

"Andika jina yako, pale chini."

"Mama, mimi sijui kucheza ngoma."

"Nani anakuomba kucheza? Kule bazungu batasema na mimi, na mimi nitabajibu. Nani atabapeleka maneno yangu yote, hata yenye haibapendeze?"

Lydie alicheka katikati ya machozi, akapangusa pua kwa kiganja, akaandika jina lake, la kumi na tatu. Kwenye safu ya kazi, juu yake, palikuwa pameandikwa mchezaji, mchezaji, mchezaji, mpaka mwisho. Alifikiri kidogo. Kisha akaandika: mkalimani wa Mama Madeleine.